Namna ya Kusimamia Ukarabati wa Jahazi Huku Ukilala Ndani Yake

Nahodha na mabaharia wengi wa Mikindani, Sudi, Lindi na Kilwa hawahami chombo kinapopandishwa ufukweni kwa matengenezo. Vitu vyao vimo ndani, kulinda ni lazima, na kupanga chumba mjini kwa wiki mbili au tatu ni gharama isiyo na faida. Kwa hiyo wanalala humo humo, juu ya mbao ambazo kesho yake zitang'olewa. Mwongozo huu nimewaandikia watu hao, pamoja na mwenye chombo anayetaka kukaa na jahazi lake badala ya kupita jioni mara moja, akasalimia mafundi na kurudi nyumbani.

Kukaa ndani kuna faida moja kubwa kuliko zote, nayo ni kwamba unakuwepo maji yanapojaa usiku. Kazi ya mchana hukaguliwa na maji, si na macho ya mtu, na anayelala chomboni ndiye anayesikia na kuona matokeo ya ukaguzi huo. Mengi nitakayoyaeleza hapa yanategemea jambo hilo: kupanga kazi ifuate mwendo wa maji, na kutomruhusu fundi afunike kitu ambacho wewe hujakitazama.

Tuanze na msimu. Mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwenye Novemba au Desemba na kumalizika kwenye Aprili au Mei, na pamba ya kalafati, yaani ya kuziba nafasi kati ya mbao, haipigwi ikakaa vizuri katika mbao zilizolowa mvua. Muda mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Ni kweli kwamba kusi huvuma kwa nguvu katika Juni, Julai na Agosti, lakini ghuba ya Mikindani imezungukwa na nchi karibu pande zote, na Lindi mtu anaweza kuingia ndani ya mlango wa mto Lukuledi akapata utulivu. Usikubali kufungua ubavu wa chombo mwezi wa Aprili au mwanzoni mwa Mei kwa sababu tu fundi ana nafasi. Kimbunga kilichoipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952 kilikuja katika majira hayo, na Kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024 kilikuja katika majira hayo hayo. Jahazi lisilo na mbao mbili tatu chini haliwezi kukimbizwa popote.

Baada ya msimu, hesabu mwezi. Katika bamvua, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na katika maji mafu, yaani siku za maji madogo zilizo kati ya bamvua mbili, tofauti hiyo hupungua sana. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, na hupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, kisha saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mpangilio huu unatufaa sana, kwa kuwa ufuko unakuwa mkavu asubuhi, wakati mafundi wana nguvu, na maji yanarudi jioni kazi ikiwa imekwisha. Kwa saa kamili tumia jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, kisha lilinganishe na unayoyaona mwenyewe kwenye kigingi ulichokichomeka ufukweni.

Kwa kazi ndefu, pandisha chombo siku ya 13 au 14 ya mwezi mwandamo, kabla ya kilele cha bamvua, wala si siku ya kilele chenyewe. Mwenye pupa hutaka kukipandisha kwenye maji makubwa kuliko yote ili kikae pakavu zaidi, kisha bamvua inayofuata inakuja ndogo, na chombo kinabaki mchangani kikisubiri mwezi mwingine. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika Machi na Septemba, ambapo bamvua huwa kubwa kupita kawaida na zinazofuata haziifikii alama ile. Ukipandisha siku moja au mbili kabla, maji yatakifikia chombo kwa siku chache za mwanzo, yatakiacha pakavu kwa kama wiki moja ya maji mafu, kisha yatarudi. Utaona mbele kwamba siku hizo za mwanzo, wakati maji bado yanafika, ni sehemu ya kazi.

Kabla ya kupandisha, toa farumi yote. Mawe na mchanga uliokuwa ukikituliza chombo baharini hugeuka kuwa mzigo unaozikandamiza mbao za chini pale mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, unapokalia nchi kavu. Chagua mahali penye mchanga mgumu au mchanga uliochanganyika na tope kidogo, pasipo jiwe, na upite hapo kwa miguu wakati wa maji kupwa, ukikanyaga kila hatua ambapo mkuku utalala. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema, kwani ufuko una watu wake, wavuvi wana njia zao, na kina mama wanaokwenda kuokota chaza na kombe wasikute njia imezibwa kwa kamba.

Kuhusu magadi nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo uhai wa mtu unapohusika. Gadi ni nguzo ya kukiegemeza chombo kisilale ubavu. Weka zisizopungua tatu kila upande, moja karibu na omo (mbele), moja katikati, moja karibu na tezi (nyuma), kila moja ikikaa chini ya mahali penye taruma, yaani ubavu wa ndani unaoshika mbao, na si katikati ya ubao mtupu, na chini yake tandika kipande cha ubao mpana ili isizame mchangani. Kila gadi ifungwe kamba kichwani na kamba hiyo ipande hadi chomboni. Sababu ni kwamba maji yakijaa chombo huinuka kidogo, gadi hulegea, na isiyofungwa huelea ikaondoka. Maji yakipwa, chombo hukaa bila nguzo upande mmoja, nawe umelala ndani. Kwa hiyo maadamu maji yanafika, mtu mmoja awe macho tangu chombo kinapoanza kutikisika hadi kinapotulia tena, na magadi yapigwe nyundo upya kabla mwingine hajashuka chini. Usiruhusu mtoto yeyote kucheza chini ya ubavu, hata kama magadi yanaonekana imara. Na usikubali magadi yakatwe kwenye mikoko ya jirani. Mikoko ya pwani yetu ni hifadhi, haikatwi bila kibali, na kwa Mikindani ndiyo inayoukinga ufuko huo unaoutegemea. Nguzo za mti wa kawaida zinapatikana kwa wauza mbao, na zikitunzwa zitatumika mwaka hata mwaka.

Siku za mwanzo, maji yakiwa bado yanafika, usimruhusu fundi aguse kitu. Kaa ndani na kipande cha chaki. Kausha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambamo maji hujikusanya, yote kwa kata na tambara, ngoja maji yajae, kisha pita na tochi taruma kwa taruma ukiangalia ni wapi unyevu unaanza. Penye machozi ya maji tia alama moja, penye mchirizi tia mbili. Onja maji ya ngama kwa ncha ya ulimi: yakiwa na chumvi yametoka chini, yakiwa baridi bila chumvi ni mvua au umande ulioingia kwa juu, na tiba ya hayo ni nyingine kabisa. Maji yakipwa, fanya kinyume chake. Mimina ndoo kadhaa za maji ndani ya ngama, ushuke chini na utazame nje ni wapi yanatokea. Tundu la nje na tundu la ndani mara nyingi hayakai sawa, kwa kuwa maji husafiri nyuma ya taruma kabla ya kujitokeza, na ukiwa na alama za pande zote mbili fundi hawezi kukuambia kwamba tatizo liko mahali ambapo halipo.

Kisha kagua mbao kwa nyundo ndogo na kisu. Ubao mzima hulia wazi ukigongwa, uliooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Zingatia zaidi ubao wa kwanza unaoungana na mkuku, na mahali mbao zinapoishia omo na tezi. Funza wa mbao wa baharini anaingia kwa tundu dogo kama la sindano, halafu anajichimbia ndani njia pana inayofuata urefu wa ubao, kwa hiyo usiridhike na uzuri wa uso wa nje. Ukiona vitundu vitatu vinne vidogo karibu karibu, chokonoa. Kisu kikiingia bila kuzuiwa, ubao huo unatoka, hata kama umepakwa rangi mwaka jana.

Ni hapa ndipo ninapowaomba wenye vyombo wakatae mambo matatu ambayo nimeyaona yakienea ufukweni. La kwanza ni kujaza saruji katika ngama ili kuziba mvujo: saruji haipindi pamoja na mbao, hupasuka, kisha hushika maji kati yake na ubao, na ubao unaoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. La pili ni kupigilia bati juu ya tundu na kulipaka rangi. La tatu ni kupaka oili chafu ya injini, ambayo huharibu bahari tunayokula kutoka kwake na kuzifanya mbao zisishike kitu kingine chochote kizuri utakachotaka kupaka baadaye. Njia hizi ni za haraka na za bei ndogo, na zote huficha ugonjwa.

Orodha ya mbao za kubadilisha ikishakamilika, nunua mbao mwenyewe au ongozana na fundi. Kusini tumebarikiwa kuwa na mkongo, mninga na mvule, na ubao mzuri wa mkongo hukaa majini miaka mingi. Dai risiti na hati za mazao ya misitu, kwa kuwa mbao zisizo na vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu zinaweza kukamatwa zikiwa tayari ufukweni kwako. Tazama ncha za ubao kama zimepasuka, na uupime uzito wake, maana ubao mbichi ukipigiliwa leo utasinyaa wiki ijayo na kuacha nafasi. Mataruma yachongwe kutoka kwenye magogo yaliyopinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo. Taruma lililokatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao ulionyooka hupasuka katika dhoruba ya kwanza.

Sasa panga kazi kwa kufuata maji. Maji yatakaporudi baada ya maji mafu hayatarudi yote kwa siku moja. Yatagusa mkuku kwanza, siku ya pili yatapanda hadi ubao wa kwanza, siku ya tatu ubao wa pili, na kuendelea hivyo hadi bamvua. Kwa hiyo fundi aanzie chini kabisa apande juu, na si kinyume chake. Mafundi wengine hupenda kuanza juu kwa kuwa hapo hawainami na kazi inaonekana haraka machoni pa mwenye mali. Mweleze kwa heshima, "Fundi, tuanze na mkuku, ya juu yatangoja." Kila ubao wa chini uwe umefungwa, umepigwa kalafati na kupakwa kabla ya siku ya 26 ya mwezi mwandamo. Ikifika siku ya 22 na bado kuna ubao wa chini haujatoka, uache huo kwa zamu ijayo, maana ni heri kuvumilia mvujo unaoujua kuliko kukutwa na maji ubavu ukiwa wazi.

Kila tundu la msumari litobolewe kwanza kwa keekee, na msumari uzungushiwe uzi wa pamba iliyochovywa mafuta chini ya kichwa chake, ili ukikaa uzibe tundu lake wenyewe. Ncha ikitokea ndani ipindwe kufuata taruma. Simama ndani, upande wa pili wa ubao, wakati fundi anapigilia nje. Msumari uliokosa taruma utauona ukichomoza katikati ya ubao, na huo ung'olewe na tundu lake lizibwe kwa kigingi cha mti kabla haujasahaulika.

Kalafati ndiyo kazi inayostahili uvumilivu wako wote. Kwanza pamba ya zamani itolewe yote hadi kwenye mti msafi, kwani pamba mpya juu ya ile iliyooza haina mshiko. Pamba isokotwe kuwa kamba nyembamba, ilowekwe katika mafuta ya nazi au ya papa, kisha iingizwe kwa chembeu (patasi ya kalafati) na nyundo, mikunjo midogo midogo, bila kuvutwa. Keti karibu na usikilize. Mwanzo wa mfereji, yaani nafasi iliyo kati ya ubao na ubao, nyundo hutoa mlio mfupi usio na nguvu. Pamba inaposhika, mlio unakuwa mkavu na mkali, na chembeu linaanza kuruka kidogo mkononi mwa fundi. Hapo ndipo pa kuacha. Fundi asiye na subira huacha kabla, na fundi mwenye nguvu nyingi hupita, na huyu wa pili ana madhara zaidi, kwa kuwa mbao zikilowa zitavimba, zitaibana pamba iliyozidi, na mbao zenyewe zitasukumwa zikaachana na mataruma. Usikubali uzi wa nailoni badala ya pamba: hauvimbi, haunywi mafuta, na mbao zikicheza hutoka wenyewe.

Jioni, kabla mafundi hawajaondoka, pita kwenye kila mfereji uliopigwa siku hiyo na bonyeza kwa ncha ya kisu kila hatua moja. Penye kulegea tia chaki. Nakusihi sana usiruhusu deheni kupakwa siku hiyo hiyo. Deheni, yaani chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama, ikishapakwa kwa mkono juu ya mifereji, kazi nzuri na kazi mbaya hufanana. Ipakwe asubuhi inayofuata, baada ya wewe kuridhika. Sehemu ya juu ya mstari wa maji yatosha kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa.

Kama chombo kitachomwa kwa makuti ili kuwaua funza, hilo lifanyike kabla ya pamba mpya, asubuhi ambapo upepo haujaamka, na watu wote washuke pamoja na magodoro, mitungi ya gesi na mapipa ya mafuta. Moto upitishwe haraka, usitulie mahali pamoja, na ndoo za maji ziwe tayari pande zote mbili.

Siku zile za maji mafu, jua la kusini hukausha mbao kupita kiasi. Funika ubavu unaopigwa na jua kwa makuti au turubai, na umwagie maji ya bahari asubuhi na jioni, isipokuwa pale pamba inapopigwa siku hiyo. Ndani, usipike chomboni kabisa wakati huu. Maranda, pamba na mafuta ya papa yakiwa yametapakaa, cheche moja ya jiko inatosha. Weka jiko ufukweni, upande ambao moshi na cheche haviendi kwenye jahazi. Lala upande wa chini wa mwinamo, si wa juu, na usiweke mzigo mzito juu ya sitaha. Chandarua ni lazima, kwa kuwa malaria ipo kwetu mwaka mzima na mbu wa jioni ni wengi. Vaa viatu kila unaposhuka, kwani misumari ya zamani na maganda ya chaza hukata mguu, na jeraha la maji ya chumvi huchelewa kupona.

Maji yanaporudi, kazi yako kubwa inaanza. Kila jioni kausha ngama, tia alama ya chaki kwenye taruma moja, na baada ya maji kujaa andika katika daftari ni ndoo ngapi ulizokumba na ni saa ngapi. Usiogope mvujo wa usiku wa kwanza katika ubao mpya, kwa kuwa mti haujavimba. Unachotafuta ni mwelekeo: kama ndoo sita za usiku wa kwanza zimekuwa tatu usiku wa pili na moja usiku wa tatu, chombo kinajifunga. Ndoo zikibaki vilevile, kuna mfereji uliokosewa, na kwa kuwa maji yanapanda ubao mmoja kwa siku, unajua takriban ni ubao upi. Mwonyeshe fundi asubuhi maji yakiwa yamepwa, alama ikiwa bado mbichi. Atalipokea vizuri zaidi kuliko lawama ya mdomo, na mara nyingi atalirekebisha bila maneno.

Kuhusu malipo, andikeni makubaliano mbele ya shahidi kabla ubao wa kwanza haujang'olewa: nani ananunua pamba, misumari na mafuta, nani anawalisha vibarua, na kazi ipi inahesabiwa kuwa imekwisha. Lipa kwa hatua, na uache sehemu ya mwisho hadi chombo kielee chenyewe kwa mikesha mitatu kikiwa na farumi yake ndani, maana chombo kitupu hukaa juu ya maji na mifereji ya katikati haijajaribiwa. Fundi mwaminifu hapingi sharti hilo likiwa limesemwa tangu mwanzo. Linalomuudhi, na ana haki ya kuudhika, ni kuletewa sharti jipya siku ya malipo. Baada ya hapo omba ukaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kabla ya kupakia abiria au shehena, na siku ya ukaguzi uwe na daftari lako la ndoo pamoja na risiti za mbao, zikionyesha ni mbao zipi zilibadilishwa na lini.